Uzi: Unga wa almasi ndani ya gundi hauigeuzi gundi kuwa almasi – jinsi chembe za kujazia zinavyoathiri upitishaji wa joto

Mwanzisha uzi (Nairobi)

Wanajukwaa, salamu kwenu nyote.

Nimefungua uzi huu kwa sababu ya swali ambalo mafundi wa Luthuli Avenue na Ngara huniuliza kila wanapobadilisha pesti ya kupoesha prosesa au transista, na ambalo siku hizi naulizwa pia na vijana wanaounda pakiti za betri za pikipiki za umeme hapa mjini. Wanauliza hivi: ikiwa fedha, shaba au almasi hupitisha joto mara elfu na zaidi kuliko gundi, mbona gundi iliyochanganywa na unga wake haikaribii hata kidogo kiwango hicho? Watu wanatoa pesa nyingi kwa ajili ya jina la unga lililoandikwa kwenye kopo, na kwa maoni yangu jina hilo ndilo jambo la mwisho la kuangalia.

Tuanze na tarakimu. Uwezo wa kitu kupitisha joto hupimwa kwa wati kwa mita kwa kelvini. Epoksi ya kawaida na mpira wa silikoni huwa karibu 0.2. Hewa iliyotulia ni 0.026 hivi. Alumina, yaani oksidi ya alumini, ule unga mweupe unaotumika pia katika msasa, huwa karibu 30. Shaba hufika 400, na almasi safi hupita 2,000. Tofauti hii ina sababu zake. Katika metali joto hubebwa zaidi na elektroni zilizo huru kutembea. Katika almasi na kauri hakuna elektroni huru za kutosha, kwa hiyo joto hubebwa na mitetemo ya atomu zilizopangwa kwa utaratibu, mitetemo ambayo wanafizikia huiita fononi. Ndani ya plastiki molekuli ni minyororo mirefu iliyosokotana ovyo, na mtetemo hutawanyika kabla haujasafiri mbali.

Sasa changanya unga na gundi, nusu kwa nusu kwa ujazo. Mwaka 1873 mwanafizikia James Clerk Maxwell alitoa hesabu ya mchanganyiko wa chembe za mviringo zilizotawanyika ndani ya kitu kingine. Yeye alikuwa akizungumzia umeme, lakini milinganyo ya joto ni ileile. Ukiweka alumina asilimia 50 ndani ya epoksi ya 0.2, hesabu hiyo inakupa karibu 0.78. Toa alumina, uweke almasi kiasi kilekile, nayo inakupa 0.80. Hata ukidhania kuwa umepata unga wa ajabu unaopitisha joto bila kikomo chochote, jibu linabaki 0.80. Umelipia almasi na umepata nyongeza ya asilimia mbili au tatu tu.

Sababu ni kwamba joto likitoka upande mmoja kwenda wa pili halina budi kuvuka gundi iliyo kati ya chembe na chembe. Ni kama safari yenye vipande vya lami safi vilivyotenganishwa na matope: ukishaweka lami ya kutosha kupita kwa kasi, kuifanya lami iwe bora zaidi hakupunguzi muda wa safari, kwa sababu muda wote unaishia kwenye matope. Chembe ikishapitisha joto mara mia hivi kuliko gundi inayoizunguka, kuiongezea uwezo hakuna faida kubwa, na alumina ndani ya epoksi tayari inaizidi gundi hiyo mara 150.

Hesabu ya Maxwell inachukulia kwamba chembe ziko mbalimbali, kila moja peke yake. Zikikaribiana sana makadirio yake huwa ya chini mno, na hapo wengi hutumia njia ya Bruggeman ya mwaka 1935, inayofikiria unga ukiongezwa kidogokidogo, kila kiasi kipya kikiingia ndani ya mchanganyiko ambao tayari umeboreka. Kwa njia hiyo, alumina asilimia 50 ndani ya epoksi inatoa karibu 1.4, na asilimia 60 inatoa karibu 2.5. Tazameni mruko huo: asilimia kumi za mwisho zimeleta zaidi ya zile arobaini za kwanza zilivyoleta kwa pamoja. Kwa almasi, asilimia 60 ingetoa karibu 3.1, yaani hapo ubora wa unga umeanza kuonekana, lakini bado ni mdogo ukilinganishwa na faida ya kuongeza ujazo.

Ninasisitiza ujazo kwa sababu makaratasi mengi ya bidhaa huandika uzito, na hapo ndipo mnunuzi hupotea. Alumina ina densiti ya karibu gramu 3.95 kwa sentimita ya ujazo, na mpira wa silikoni karibu gramu 1. Pedi, yaani kipande laini cha mpira wa silikoni kinachowekwa kati ya kifaa na kipoozeo, iliyoandikwa kuwa ina alumina asilimia 80 kwa uzito, kwa kweli ina asilimia 50 tu kwa ujazo. Kwa shaba yenye densiti ya karibu 9, asilimia 90 kwa uzito ndiyo nusu kwa ujazo. Kabla ya kulinganisha bidhaa mbili, geuzeni kwanza uzito uwe ujazo, maana joto halijui uzito.

Kwa nini basi kiwanda kisijaze asilimia 90 kwa ujazo? Kwa sababu mchanganyiko hukakamaa. Chembe za mviringo zenye ukubwa mmoja, zikimwagwa na kutikiswa, hujaza asilimia 64 hivi ya nafasi, na mahali panapobaki ndipo gundi hukaa. Muda mrefu kabla ya kufika huko mnato hupanda ghafla na pesti inakuwa kama ugali uliopitiliza. Njia ya kuvuka kizuizi hiki ni kuchanganya saizi, kwa mfano chembe kubwa za makumi ya mikromita (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita) pamoja na ndogo za mikromita chache, ili ndogo ziingie kwenye mianya ya kubwa. Ukipata uwiano mzuri, unaongeza ujazo wa unga huku mchanganyiko ukiendelea kutiririka. Kwa maoni yangu kazi hii ya kupanga saizi ndiyo ufundi halisi wa kiwanda cha pesti, nayo haiandikwi kwenye kopo.

Karibuni kwa maswali na hoja.

Mchangiaji: fundi wa taa, Luthuli Avenue

Asante sana, mwalimu. Umenifungua macho kuhusu uzito na ujazo.

Mimi nina jambo nililoliona kwa macho. Nililetewa draiva, yaani saketi inayoipa taa umeme, ya taa kubwa ya nje, ya zile zilizomwagiwa gundi ndani ya kasha la alumini ili maji yasiingie. Ilikuwa inazima ikishawaka kwa muda, halafu ikipoa inawaka tena. Nilikata kasha kwa msumeno ili nione ndani. Sehemu ya chini gundi ilikuwa ya kijivu, ngumu, na blade ya msumeno ilikwaruzika na kuisha makali. Sehemu ya juu, unene wa kama kidole, ilikuwa na rangi ya chai ya rangi, inapitisha mwanga, na ukucha unaingia. Transista inayochemka zaidi ilikuwa imesimama wima, kichwa chake kikiwa katika ile sehemu ya juu, na plastiki iliyokizunguka ilikuwa imebadilika rangi. Je, huu ndio unga unaousema, ama ni gundi mbili tofauti zilizomwagwa?

Mwanzisha uzi

Fundi, ahsante kwa maelezo hayo, kwa sababu ulichokikata ni somo kamili. Siwezi kuapa bila kukiona, lakini dalili zote ulizotaja zinaelekea kwenye jambo moja: ni gundi moja ambayo unga wake ulizama kabla haijaganda.

Chembe za alumina ni nzito karibu mara nne kuliko gundi. Zikiachwa katika kimiminika huzama, na kasi ya kuzama huongezeka kwa mraba wa kipenyo cha chembe, yaani chembe yenye kipenyo mara kumi huzama kwa kasi mara mia. Joto nalo hupunguza mnato wa gundi, kwa hiyo mtu anayeipasha moto gundi ili imwagike kwa urahisi huku ikichelewa kuganda, huupa unga nafasi ya kushuka. Hata ndani ya ndoo iliyokaa dukani unga hushuka, na anayemwaga bila kukoroga kutoka chini anamwaga gundi tupu katika kasha la kwanza na tope zito katika kasha la mwisho. Blade yako iliisha makali kwa sababu alumina ni ngumu kiasi cha kukwaruza chuma, na kwa sababu hiyohiyo viwanda vinavyoipitisha kwenye pampu na midomo ya sindano hulazimika kubadilisha vyuma hivyo mara kwa mara.

Chini ulikuwa na mchanganyiko mzuri pengine kuliko ulivyokusudiwa. Juu ulikuwa na silikoni au epoksi ya 0.2, yaani karibu kihami (kitu kinachozuia joto), na transista iliyokuwa ikichemka zaidi ndiyo iliyokuwa imevikwa kihami hicho. Ile tabia ya kuzima na kuwaka inaafikiana na kinga ya joto iliyo ndani ya draiva nyingi: halijoto ikipita kiwango, saketi hujikata, na ikipoa hujirudisha.

Kwa mtu anayemwaga mwenyewe, dawa ni kukoroga hadi chini ya chombo na kuondoa viputo kwa pampu ya ombwe kabla ya kumwaga, kwa sababu kiputo ni hewa, na hewa ni mbaya mara saba au nane kuliko hata gundi tupu. Tena, pale inapowezekana, laza transista igusane na kasha badala ya kuitegemea gundi peke yake.

Mchangiaji: mwanafunzi wa uhandisi, Juja

Shikamoo mwalimu. Mimi nina pingamizi kidogo, kwa heshima. Nimesoma kwamba grafini, ile karatasi ya kaboni yenye unene wa atomu moja, ilipimwa mwaka 2008 na kuonekana kupitisha joto hadi karibu 5,000, na mrija mmoja wa nano wa kaboni ulipimwa mwaka 2001 ukafika karibu 3,000. Vilevile nimesoma kwamba kiasi kidogo sana cha mirija hiyo, chini hata ya asilimia moja, hufanya plastiki ianze kupitisha umeme. Ikiwa mirija imeshikana na kuunda njia ya umeme, si ingeunda pia njia ya joto? Halafu chembe ndogo zina eneo kubwa zaidi la kugusana na gundi. Je, hilo halisaidii?

Mwanzisha uzi

Marahaba. Pingamizi lako ni zuri, na ndilo lililowashughulisha watafiti kwa miaka mingi, kwa hiyo nitalijibu bila haraka.

Nianze na umeme. Shaba hupitisha umeme kuliko plastiki nzuri kwa uwiano wa zaidi ya 1 ikifuatwa na sifuri kumi na nane. Kwa hiyo njia moja nyembamba ya chembe zinazogusana inatosha kubadilisha kila kitu, kwa sababu bila njia hiyo umeme hauna pa kupita kabisa. Hicho ndicho kizingiti cha perkolesheni: chini yake mchanganyiko ni kihami, juu yake ni kipitishi. Katika joto uwiano wa shaba na epoksi ni 2,000 tu. Joto halisubiri njia. Linavuja kupitia gundi kila mahali. Njia nyembamba ya mirija inapojitokeza, inaongeza kidogo juu ya uvujaji uliokuwepo tayari, na ndiyo maana grafu ya joto hupanda polepole mahali ambapo grafu ya umeme huruka kama ukuta. Mwaka 2002 yalichapishwa matokeo ya epoksi iliyowekwa asilimia moja kwa uzito ya mirija ya kaboni, na upitishaji wa joto uliongezeka kwa asilimia 125 katika halijoto ya kawaida ya chumba. Hayo ni matokeo mazuri sana kwa kiasi kidogo hivyo cha unga. Lakini kuongeza asilimia 125 kwenye 0.2 bado hakukufikishi hata 0.5.

Sasa kuhusu eneo kubwa la kugusana. Hapa ndipo akili ya kawaida humpotosha mtu. Mpaka kati ya vitu viwili una ukinzani wake wenyewe dhidi ya joto, hata kama vimeshikana bila mwanya wowote. Mwanafizikia Pyotr Kapitza aliuona mwaka 1941 alipokuwa akichunguza heliamu ya kimiminika: halijoto iliruka ghafla pale heliamu ilipogusana na metali. Mitetemo ya atomu inayosafiri ndani ya kitu kimoja ikifika kwenye kitu chenye ugumu na densiti tofauti, sehemu kubwa yake hurudishwa nyuma. Kila mpaka unaovukwa ni tozo. Chembe kubwa inamaanisha mipaka michache, na chembe ndogo inamaanisha mipaka mingi mno kwa unga uleule.

Kuna ukubwa fulani ambapo tozo inakula faida yote. Ukizidisha ukinzani wa mpaka kwa upitishaji wa gundi unapata urefu fulani, na chembe ya mviringo ambayo nusu-kipenyo chake ni kifupi kuliko urefu huo hupunguza upitishaji wa mchanganyiko hata kama chembe yenyewe ni almasi. Hili halikubaki kuwa nadharia. Mwaka 1992 watafiti walichanganya almasi na salfaidi ya zinki, ambayo yenyewe hupitisha joto vizuri kuliko plastiki. Chembe za almasi za mikromita 4 ziliongeza upitishaji, na zile za nusu mikromita ziliupunguza. Ni almasi ileile, kilichobadilika ni saizi tu. Ndani ya epoksi urefu huo huwa nanomita chache hadi makumi, kwa sababu epoksi yenyewe ni dhaifu, kwa hiyo unga wa mikromita uko salama, ila unga wa nano unakaribia eneo la hatari.

Ndiyo maana viwanda huupaka unga kemikali ya silani, ambayo upande mmoja hushika oksidi na upande wa pili hushikana na gundi. Hupunguza mianya mipakani, na faida yake nyingine, ambayo mimi naiona kuwa kubwa zaidi, ni kushusha mnato ili unga mwingi zaidi uingie.

Kuhusu tarakimu ya 5,000, hiyo ni ya karatasi moja ya grafini iliyoning'inizwa bila kuguswa na kitu. Ukiizamisha ndani ya plastiki, mitetemo yake inabanwa na kutawanywa na vitu vinavyoigusa.

Mchangiaji: mfungaji wa sola, Embakasi

Nawashukuru wote. Swali langu ni la kazini zaidi. Nabadilisha transista za nguvu kwenye inveta. Muuzaji ananipa pesti ya wastani iliyoandikwa 4, na nyingine ghali iliyoandikwa 8. Pia ana pedi laini za silikoni. Nimejaribu ile ya 8 na sijaona tofauti, tena ni nzito, haisambai. Niamini karatasi au niamini mkono wangu?

Mwanzisha uzi

Dada, amini mkono wako, na nitakuonyesha kwa hesabu kwa nini.

Ukinzani wa tabaka ni unene wake ukigawanywa kwa upitishaji na eneo. Chukua eneo la sentimita mbili kwa mbili. Pesti ya 4 inayosambaa vizuri ukibana skrubu inaweza kubaki na unene wa mikromita 50, na ukinzani wake ni karibu digrii 0.03 kwa kila wati. Pesti ya 8 iliyo nzito, ambayo skrubu zako zimeshindwa kuifinya chini ya mikromita 200, ina ukinzani wa karibu 0.06. Ile ghali imekuwa mbaya maradufu. Unga ule mwingi uliopandisha tarakimu kwenye karatasi ndio uleule uliozuia pesti isifinyike. Tena unene hauwezi kushuka chini ya kipenyo cha chembe kubwa zilizomo, hata ukibana kwa nguvu kiasi gani. Kwa nafasi finyu tafuta pesti ya chembe ndogo na laini, na hapo tarakimu ya 3 au 4 inatosha kabisa.

Pedi ina kazi yake mahali ambapo mwanya ni mkubwa na hauepukiki, kwa mfano vipuri vya urefu tofauti chini ya bamba moja, au mahali ambapo lazima umeme usipite. Pedi ya milimita moja yenye upitishaji wa 4, kwa eneo lilelile, ni karibu digrii 0.6 kwa wati. Usiiweke mahali ambapo pesti ingetosha.

Jambo jingine ni hewa. Joto likishapita kwenye pesti linaingia kwenye hitisinki, ile metali yenye mapezi ya kupoeshea, kisha hewani. Hitisinki ya wastani isiyo na feni inaweza kuwa na ukinzani wa digrii moja au zaidi kwa wati. Ukitoka 0.06 ukaenda 0.03 upande wa pesti, umepunguza sehemu ndogo sana ya jumla, na kipimajoto cha kawaida hakitaionyesha. Nasi tuko Nairobi, karibu mita 1,700 na zaidi juu ya usawa wa bahari, ambapo hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 17 kuliko ya Mombasa. Hewa nyepesi hubeba joto pungufu. Ukiwa na pesa za kutumia, safisha vumbi kwenye mapezi ya hitisinki, uipe inveta nafasi ya kupumua ukutani, na uhakikishe feni inazunguka inavyopaswa. Faida ya hatua hizo itazidi ya kopo lolote la pesti.

Mchangiaji: muunda betri, Industrial Area

Mwalimu, kwa betri za pikipiki sisi hatuwezi kuweka unga wa shaba wala grafiti, tutapiga shoti. Tumeshauriwa boroni nitridi, unga usiopitisha umeme. Bei yake inaumiza. Inastahili?

Mwanzisha uzi

Inategemea mwelekeo wa joto lenu. Boroni nitridi ya kawaida ina chembe bapa kama magamba, na ndani ya gamba joto hupita vizuri sana kwenye ubapa wake, mamia ya wati kwa mita kwa kelvini, lakini kukatisha unene wa gamba hupita kwa sehemu ndogo tu ya kiasi hicho. Unapofinya au kusukuma mchanganyiko kwenye kalibu, magamba hulala kufuata mtiririko, na hulala sambamba na uso. Basi unapata pedi inayosambaza joto pembeni kwa ufanisi na kulipeleka chini kwa shida, wakati betri yenu inataka joto litoke kwenye seli, livuke pedi, liingie kwenye bamba la chini. Muulizeni muuzaji tarakimu yake ilipimwa upande gani. Akikosa jibu, msilipe bei ya boroni nitridi. Kuna bidhaa ambazo magamba yake yamekusanywa kuwa vidonge vya mviringo ili yaelekee kila upande, nazo zinafaa zaidi kwa kazi yenu.

Alumini nitridi nayo hupitisha joto vizuri na haipitishi umeme, ila unga wake ukipata maji humenyuka nayo: hutengeneza hidroksidi ya alumini na kutoa amonia. Pikipiki inayopita kwenye mafuriko ya Mombasa Road haifai kubeba unga huo usiopakwa kinga. Mimi ningeanza na alumina ya mviringo yenye saizi mchanganyiko, nipunguze unene wa pedi kwa kunyoosha bamba vizuri, kisha nipime. Boroni nitridi ina sifa moja nzuri ambayo siwezi kuipuuza: ni nyepesi na laini, haikwaruzi mashine. Kama uzito wa pakiti ndio unaowasumbua, hesabu inaweza kubadilika.

Mchangiaji: mzee wa majiko, Shauri Moyo

Mimi si mtu wa betri, ila nimefuatilia. Sisi kwenye jiko la kauri tunaweka saruji na vermikulaiti, yale madini mepesi ya magamba, kati ya kauri na bati ili bati lisiunguze mtu. Je, hesabu yenu inafanya kazi kinyumenyume?

Mwanzisha uzi

Mzee wetu, shikamoo. Inafanya kazi, na kwa upande wako ina ukarimu zaidi. Vermikulaiti iliyopashwa moto hufumuka na kujaa hewa kati ya magamba yake. Katika hesabu ileile ya Maxwell, ukiweka nusu ya ujazo kuwa kitu kisichopitisha joto kabisa, mchanganyiko unabaki na asilimia 40 ya upitishaji wa saruji. Vermikulaiti si sifuri, kwa hiyo utapata juu kidogo ya hapo. Ukiishindilia mno ikapondeka, hewa inatoka na faida inapungua, kwa hiyo wanaoichanganya taratibu kwa mkono wana sababu nzuri.

Mchangiaji: mwanafunzi wa uhandisi, Juja

Mwalimu, swali la mwisho. Tukitaka kupima wenyewe hapa bila mashine ya bei kubwa, tufanyeje ili tusidanganywe na ule ukinzani wa mguso?

Mwanzisha uzi

Fuateni wazo lililo ndani ya ASTM D5470, utaratibu sanifu wa kupima upitishaji wa joto wa pedi na pesti kama hizi. Tafuteni vipande viwili vya alumini au shaba vyenye nyuso bapa zilizosuguliwa sawasawa, cha juu kipashwe na hita ya umeme ambayo wati zake mnazijua, cha chini kipozwe na maji yanayopita. Tobolea mashimo madogo kwa ajili ya thamokapo (nyaya za kupimia halijoto) karibu na nyuso zinazogusana, weka sampuli katikati, zungushia pamba ya kuhami pande zote ili joto lisitorokee pembeni, na ubane kwa mzigo uleule kila mara. Subirini hadi halijoto ziache kubadilika. Kwa mchanganyiko wa plastiki hilo huchukua muda, msiharakishe. Tofauti ya halijoto ikigawanywa kwa wati ndiyo ukinzani.

Msipime unene mmoja. Mimineni sampuli za milimita moja, mbili, tatu na nne kutoka ndoo moja, mkikoroga kabla ya kila moja, kisha mchore ukinzani dhidi ya unene. Mwinamo wa mstari ukizidishwa kwa eneo unakupa kinyume cha upitishaji wa mchanganyiko wenyewe, na mahali mstari unapokata mhimili wa wima, pale ambapo unene ni sifuri, ndipo ulipo ukinzani wa mguso wa nyuso zote mbili. Nukta zikikataa kukaa kwenye mstari, kateni sampuli nene kwa msumeno kama fundi wa Luthuli alivyofanya, mtazame kama unga umezama au kuna viputo, kabla ya kulaumu vifaa vyenu vya kupimia.